Umeme wa Gari Unapokatika Ghafla: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Umeme wa gari ukikatika wote kwa mara moja, taa zikazima, dashibodi ikawa nyeusi na injini ikanyamaza, mwenye gari hukimbilia kulaumu betri. Jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa betri ndiyo inayoonekana na ndiyo inayouzwa kila mji. Hata hivyo, betri iliyozeeka kwa kawaida haifi namna hiyo. Huchoka taratibu, stata, yaani mota inayowasha injini, ikawa inazunguka kwa uzito asubuhi baada ya asubuhi, hasa kule Molo na Timboroa ambako baridi ya alfajiri huipunguzia nguvu zaidi. Kinachokatika ghafla mara nyingi ni njia ya umeme: kishikizo cha betri kilicholegea, waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye betri) uliooza ndani ya ganda lake, fyuzi kuu iliyoungua, au swichi ya ufunguo iliyochakaa. Nimeshughulika na umeme wa magari mjini Nakuru kwa miaka mingi, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimewaona watu wengi mno wakinunua betri mpya kisha wakarudi wiki iliyofuata na tatizo lile lile, fedha za karo zikiwa zimeshatumika.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Mita ya kupimia umeme ya bei ya chini inatosha, pamoja na spana namba 10 na namba 12, tochi, kipande cha msasa, na mtu wa pili wa kukusaidia kuzungusha ufunguo. Asiye na mita anaweza kutumia balbu ndogo ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili, ingawa balbu itamwambia tu kama umeme upo au haupo, haitamwambia umepungua kwa kiasi gani, na kiasi hicho ndicho mara nyingi hufichua ukweli.

Gari likiwa bado linatembea

Umeme ukikatika ukiwa katika mwendo, usukani na breki huwa vizito, lakini havipotei papo hapo. Breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa uliohifadhiwa, ambao hutosha kukanyaga mara moja au mbili kwa nguvu ya kawaida; kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti bila kuachia, wala usipigepige pedali, maana kila unapoachia unaumaliza msaada huo. Usukani utahitaji nguvu za mikono, lakini utageuka. Usirudishe ufunguo hadi mwisho wala usiuchomoe kabla gari halijasimama kabisa, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga.

Kwenye mteremko wa kutoka Sachangwan kushuka Salgaa, ambako malori huteremka yakiwa na mizigo mizito, gari lisilo na taa usiku halionekani kabisa. Liondoe barabarani kadiri kasi iliyobaki inavyoruhusu, weka pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma ya gari, na uwashushe abiria upande usio na magari, wasimame kando na si nyuma yake. Uchunguzi wa umeme unaanza baada ya hapo, na ikiwa ni usiku na mahali hapana nafasi, ni afadhali usubiri kuvutwa.

Swali la kwanza: ni nini ambacho bado kinawaka?

Kabla ya kufungua boneti, bonyeza swichi ya taa za hatari, piga honi, kisha washa taa ya ndani iliyo kwenye paa. Katika magari mengi vitu hivi hupata umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi tu, bila kupita kwenye swichi ya ufunguo. Kipimo hiki huchukua nusu dakika, hakigharimu chochote, na kinagawa tatizo katika mafungu matatu ambayo hayafanani hata kidogo.

Ikiwa hakuna kinachoitikia, umeme hautoki kwenye betri, au unatoka lakini haurudi. Ikiwa taa za hatari zinamulika kwa nguvu na honi inalia vizuri, lakini dashibodi na injini vimekufa, betri haina kosa. Tatizo liko kati ya swichi ya ufunguo na vile inavyovilisha. Ikiwa kila kitu kinaitikia kwa unyonge, honi inakoroma na taa zina wekundu wa mshumaa, basi ama betri imemalizika kwa sababu haikuwa inachajiwa, ama kuna muungano mbovu unaoruhusu umeme kidogo tu kupita.

Kila kitu kimekufa

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe na subira, kwa kuwa ndipo makosa mengi hufanyika.

Weka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu (DC), kisha gusa nguzo mbili za betri zenyewe, yaani ile risasi iliyochomoza, si vishikizo vilivyozifunga. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, ile iliyofika nusu huonyesha karibu 12.2, chini ya 12.0 imekaribia kuisha. Ukipata 12.4 au zaidi huku gari likiwa limekufa kabisa, usitoke hapo kwenda kununua betri. Sasa hamisha ncha za mita kutoka kwenye nguzo hadi kwenye vishikizo, na umwambie mwenzako awashe taa za mbele. Kama nguzo zinasema 12.5 na vishikizo vinasema volti 3 au sufuri, umeme unapotelea katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya risasi na chuma, ambao macho hayauoni.

Dawa yake ni kulegeza vishikizo, ukianza na kile cha upande hasi na kukirudisha mwisho, ili spana yako isiguse bodi na kusababisha cheche. Unga mweupe au wa kijani ulioota hapo huondolewa kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi, hata yale ya kupikia mrenda, kwa kuwa magadi huua nguvu ya asidi; mwaga taratibu na uhakikishe maji hayo hayaingii ndani ya betri. Piga msasa nguzo na sehemu ya ndani ya kishikizo hadi ving'ae, funga, kisha jaribu kukizungusha kwa mkono. Kishikizo kinachozunguka kwa mkono hakijafungwa. Kupakaa mafuta ya mgando juu yake ni vizuri, ila baada ya kufunga na si kabla. Kuchomeka msumari au kipande cha bati ili kishikizo kilichopanuka kikaze, jambo ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, huacha sehemu ndogo tu ikigusana, na sehemu hiyo hupata moto kila stata inapozunguka hadi siku inapoachia.

Vishikizo vikiwa vizima, fuata waya wa athi, ule mnene unaotoka upande hasi na kufungwa kwenye bodi na kwenye injini. Ncha moja ya mita iguse nguzo hasi ya betri, nyingine iguse chuma kitupu cha injini, na mwenzako ajaribu kuwasha gari. Waya mzima utaonyesha takriban volti 0.2 au pungufu wakati stata inavuta. Ukiona volti 1 au zaidi, umeme unapata shida kurudi. Rudia kipimo hicho kati ya nguzo hasi na bodi, kwa kuwa magari mengi yana matawi mawili ya athi na mara nyingi ni moja tu lililooza.

Niliwahi kuletewa pikapu ya kubeba maziwa kutoka Elburgon iliyokuwa na betri ya tatu ndani ya miezi mitano. Ilikuwa ikizima kila kitu inapovuka matuta, kisha baada ya dakika chache inarudi kama kwamba hakuna kilichotokea. Nguzo zilisoma 12.6. Vishikizo vilikuwa vipya na vimekazwa vyema. Nilipoweka mita kati ya nguzo hasi na injini, taa za mbele zikiwa zimewashwa, ilisoma volti 9, maana yake sehemu kubwa ya nguvu ya betri ilikuwa inaishia ndani ya waya wenye urefu usiofika mkono mmoja. Kwa nje ganda lake jeusi lilikuwa zuri, bila mkwaruzo. Nilipolichana kwa kisu, unga wa kijani ulimwagika kama ungaunga wa majani makavu, na nyuzi za shaba zilizokuwa bado nzima hazikufika kumi. Asidi ilikuwa imepanda ndani ya waya kutoka kwenye kishikizo cha zamani, ikila shaba kimyakimya. Mwenye gari alikaa juu ya kreti la maziwa akautazama waya ule kwa muda mrefu, kisha akauliza zile betri mbili alizoziacha kwa wauzaji zilikuwa na kosa gani. Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Kama athi ni nzima, geukia fyuzi kuu. Hii haifanani na fyuzi ndogo za kuchomoa kwa vidole. Hufungwa kwa skrubu au nati, na katika magari madogo mengi huwa na ukubwa wa kati ya ampea 80 na 120. Pima volti upande wake wa betri, kisha upande wa pili. Upande mmoja ukiwa na 12 na mwingine sufuri, imekatika. Kuitazama tu hakutoshi, kwa sababu inaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele unaopitisha umeme wa taa ya ndani lakini unaoachia pale mzigo mkubwa unapoingia. Fyuzi kuu haiungui bila sababu. Sababu ninayoikuta zaidi ni betri iliyofungwa kinyume au jampa, yaani nyaya za kuazima umeme, iliyounganishwa kinyume, na hali hiyo ikitokea, dayodi za alteneta, mashine inayochaji betri, nazo hupaswa kukaguliwa kabla ya gari kuruhusiwa kuondoka.

Inabaki hali moja ambamo betri yenyewe hukatika ghafla. Ndani yake kuna vyumba sita vilivyounganishwa kwa madaraja ya risasi, na mitikisiko ya barabara mbovu, hasa pale betri isipofungwa vizuri kwenye kitako chake, inaweza kuvunja daraja moja. Betri kama hiyo husoma volti 12 ikiwa haina mzigo, kisha huporomoka hadi karibu na sufuri mara tu taa zinapowashwa, hata ukipima kwenye nguzo zenyewe. Hiyo ndiyo betri inayostahili kubadilishwa. Joto la Kisumu nalo huzeesha betri mapema kuliko baridi ya huku juu, kwa hiyo anayeishi kando ya ziwa akague kiwango cha maji ya betri mara kwa mara, ikiwa ni aina inayofunguliwa.

Taa za hatari zinamulika, lakini gari limezima

Swichi ya ufunguo ina visahani vidogo vya shaba vinavyochomwa na cheche kila siku. Vishukiwe hivyo kwanza ikiwa dashibodi huzima na kurudi unapotikisa ufunguo kidogo bila kuuzungusha. Rundo la funguo za nyumba, za duka na za kufuli la lango, likining'inia kwenye swichi kwa miaka na kucheza kila gari linaporuka shimo, huichakaza haraka. Funguo za nyumba zikae mfukoni. Baada ya swichi, angalia rilei kuu ya injini, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Njia rahisi ni kuibadilishana na rilei nyingine inayofanana nayo kabisa ndani ya kisanduku kile kile cha fyuzi, ile ya honi kwa mfano, baada ya kulinganisha namba na mchoro ulio ubavuni mwake.

Magari yetu yana shida moja ambayo vitabu vya watengenezaji haviielezi, nayo ni vitu vilivyoongezwa baada ya gari kufika nchini. Katauti ya kuzuia wizi, kingora, na kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa kwa masharti ya mkopo, vyote hukata waya wa ufunguo au wa pampu ya mafuta na kujiweka katikati. Matatu zina zaidi ya hapo, kwa sababu kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo wengi huziita sheria za Michuki, ziliagiza kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na vidhibiti vingi huungwa katika nyaya hizo hizo. Vifaa hivi havina ubaya vikifungwa vizuri. Ubaya uko kwenye maungio: nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuviringishiwa utepe, ambao joto la chini ya dashibodi huuyeyusha gundi hadi unafunguka. Piga magoti, mulika tochi chini ya usukani, na uvute kwa upole kila waya ambao rangi ya utepe wake haifanani na ya kiwandani. Muungano mzuri ni ule uliochomelewa kwa risasi au kubanwa kwa kibano chake na kufunikwa. Kama kifaa ni cha mkopeshaji, usikikate. Waite waliokifunga, ili usijiongezee mgogoro mwingine.

Umeme ulififia kabla ya kukatika

Dereva anayekumbuka kwamba taa nyekundu ya betri iliwaka, redio ikazima, usukani ukawa mzito, taa zikapungua, na mwishowe injini ikakohoa na kufa, hakupatwa na kukatika kwa ghafla hata kama yeye alikuona hivyo. Alteneta iliacha kuchaji, na gari likaendelea kuila betri. Hesabu yake si ngumu: taa za mbele pekee hutumia karibu ampea 9, na ukiongeza pampu ya mafuta, mfumo wa kuwasha mafuta, feni na vifuta mvua, unafikia ampea 25 au 30. Betri ya ampea-saa 45 iliyo mpya inaweza kukuvusha kwa saa moja hivi, na iliyochoka haifiki nusu ya hapo. Taa hiyo ikiwaka ukiwa Kericho usiku, usijiambie kwamba utafika Kisumu. Zima feni na redio na kila kisichohitajika, kisha tafuta mahali penye usalama pa kusimama ungali na taa za kukuonyesha mahali hapo.

Pima betri injini ikiwa inanguruma: inatakiwa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, angalia mkanda unaoizungusha alteneta kwanza, kisha plagi iliyo nyuma ya alteneta na waya mnene unaotoka hapo, kisha kaboni na kidhibiti volti vya ndani. Ikipita 15, alteneta inachaji kupita kiasi, nayo itaichemsha betri. Kuna ishara nyingine ambayo hupuuzwa: taa nyekundu ya betri inapaswa kuwaka ufunguo unapofunguliwa kabla ya kuwasha injini. Isipowaka, balbu imekufa au waya umekatika, na alteneta inaweza kukosa kuamka kabisa bila dereva kupata onyo lolote.

Ninasihi sana kwamba mtu yeyote asichomoe waya wa betri injini ikiwa inaendelea kuzunguka ili “kuona kama alteneta inafanya kazi”. Bado ninawaona mafundi wakifanya hivyo. Betri inapoondolewa ghafla, alteneta hutupa umeme unaozidi mara kadhaa zile volti 14, na kompyuta ya gari huweza kuungua kwa nukta moja. Mita inatoa jibu lile lile bila hasara yoyote.

Baada ya mvua, mafuriko au kuoshwa

Maji yakipanda barabarani kama yanavyofanya Ahero na nyanda za Nyando, au injini ikioshwa kwa bomba la nguvu, umeme unaweza kukatika siku hiyo hiyo au miezi miwili baadaye, kutu ikishakomaa ndani ya plagi. Chomoa waya hasi, fungua kisanduku cha fyuzi, kausha kwa upepo na wala si kwa moto, na utafute ukijani kwenye miguu ya rilei. Gari lililozama hadi juu ya viti lipelekwe kwa fundi kabla ya mtu kujaribu kulipiga stata.

Fyuzi ile ile inaungua tena na tena

Hapo kuna waya chanya unaogusa bodi, mara nyingi mahali unapopita kwenye tundu la chuma au kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wala uzi wa waya. Fyuzi ipo ili iungue badala ya waya. Ukiizuia, waya utaungua, na pamoja nao gari.

Kuazima umeme kwa jirani

Msafiri aliyekwama karibu na Salgaa huwa amezungukwa na watu wema wenye malori, na ukarimu huo una hatari moja. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24. Jampa ikivuka betri zote mbili na kuingia kwenye gari dogo, balbu, redio na kompyuta huenda kwa pamoja. Omba umeme kwa gari dogo mwenzako. Unganisha chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, kisha hasi ya betri nzima, na waya wa mwisho uufunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo. Na kama dalili zilionyesha muungano mbovu, jampa inaweza kuliwasha gari bila kutibu chochote. Litazima tena mbele ya safari.

Kazi ikiisha, usimruhusu mwenye gari aondoke kwa sababu tu injini imewaka. Washa taa kamili, feni, kipasha joto cha kioo cha nyuma na vifuta mvua, kisha pima tena nguzo za betri: volti zisishuke chini ya 13.5 hivi injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Zima, wacha gari lipumzike, liwashe upya huku ukitazama mita. Wakati stata inavuta volti zisishuke chini ya 9.6. Shika waya wa athi na vishikizo kwa mkono uone kama kuna chochote kilichopata joto. Mimi huandika tarehe na vipimo hivyo kwenye kipande cha utepe mweupe, nikakibandika chini ya boneti karibu na betri, ili fundi atakayelifungua gari hilo baadaye, awe yuko Kibuye au Kakamega, aanze na namba badala ya kuanza na kubahatisha.